Jani Lililosagwa Halijapoteza Nasaba Yake

Sanamaki ni miongoni mwa dawa chache ambazo watu wa pwani yetu wamezitumia kizazi baada ya kizazi bila ya kuziacha, na ambazo mtu hana haja ya kuwa tabibu ili azijue. Kwani imetajwa kwa sifa katika hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, imekaa katika masanduku ya wauza dawa ubavuni mwa habasoda, uwatu na ubani, na hata leo mzee aliyefunga choo, au mama anayetaka kusafisha tumbo baada ya mfungo, humtuma mtoto dukani akailete bila ya kuuliza imetoka nchi gani, imechumwa na nani, wala ni jani la mmea upi hasa. Zamani swali hilo la mwisho lilikuwa na jibu jepesi, maana dawa iliuzwa ikiwa majani makavu yaliyo mazima, na muuzaji mzoefu aliweza kuyatandaza kiganjani akayatambua kwa umbo lake jembamba lililochongoka, kwa rangi yake ya kijani iliyopauka, na kwa kitako chake kisicholingana pande mbili. Siku hizi aghalabu sanamaki hutufikia ikiwa unga ndani ya pakiti ya nailoni iliyobandikwa karatasi yenye picha nzuri, na umbo, ncha na kitako, vyote vimekwisha kupita kinuni au mashineni, wala hakuna kilichobaki cha kumwongoza mnunuzi isipokuwa ile picha na kauli ya muuzaji.

Nadai katika makala haya kwamba kusagwa huko hakukuufuta utambulisho wa jani, ila kumeuhamishia mahali ambapo jicho haliwezi kufika bila ya msaada wa hadubini. Kwamba elimu ya kuusoma utambulisho huo, yaani anatomia ya majani, ni elimu kongwe, yenye ithibati, na isiyohitaji fedha nyingi. Na kwamba serikali zetu na vyuo vyetu hujidhulumu vinapoiacha elimu hii ififie kwa dhana kwamba imekwisha kupitwa na mitambo mipya, hali mitambo yenyewe hatunayo ya kutosha, na soko la dawa za unga halitusubiri tuipate.

Ukoo wa sanamaki ni mkubwa, wala si mgeni kwetu. Mwingajini unaoota kando ya njia na katika mahame, mjohoro uliopandwa kwa ajili ya kivuli na kuni katika miji mingi ya Tanzania, pamoja na vichaka vingine kadha wa kadha vyenye maua ya manjano, yote ni ya jenasi moja iitwayo Senna, ambayo wataalamu Irwin na Barneby waliitenga rasmi na Cassia mwaka 1982. Sanamaki yenyewe, ambayo jina lake la kitaalamu leo ni Senna alexandrina, humea porini katika nchi kavu za Sudani, Misri, Somalia na Bara Arabu, na hulimwa mashambani kusini mwa Uhindi katika wilaya ya Tirunelveli, ambayo Waingereza waliiandika Tinnevelly. Ndipo wafanyabiashara wakazoea kuzungumza juu ya sanamaki mbili, ile ya Iskandaria iliyoshuka kutoka Sudani na kupakiwa katika bandari hiyo ya Misri, na ile ya Tinnevelly iliyotoka Uhindi. Na wanabotania wa miaka ya mwisho ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 wakazipa majina mawili, Cassia acutifolia na Cassia angustifolia, kwa itikadi kwamba ni spishi mbili zilizo mbalimbali.

Penye bidhaa yenye thamani hapakosi mkono wa hila, na historia ya sanamaki inalishuhudia hilo bayana. Ilichanganywa na majani ya nduguye mwenye jani la mviringo, Senna italica, yasiyo na thamani ileile. Ikachanganywa na majani ya ndugu mwingine wa Uhindi, Senna auriculata. Ikachanganywa pia na majani ya Solenostemma arghel, kichaka cha majangwa ya Misri na Sudani ambacho hakina udugu wowote na sanamaki, na ambacho kwa muda mrefu kilikuwa karibu ni sehemu ya kawaida ya shehena ya Iskandaria. Ovu kuliko yote ni lile lililotendeka Ulaya, ambako sanamaki ilipata kutiwa majani ya Coriaria myrtifolia, kichaka cha kusini mwa Ufaransa na Hispania chenye sumu iletayo degedege. Na mnunuzi aliyetaka haluli tu akajikuta ameuziwa mauti. Nayataja haya ili asidhani msomaji kwamba habari ya kutofautisha jani na jani ni burudani ya wasomi waliokosa kazi.

Sasa na tuchukue chembe ya unga, kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kisu, tuitie tone la maji ya klorali haidreti juu ya kipande cha kioo, tuipashe moto taratibu mpaka klorofili na wanga viyeyuke na vipande vya jani ving'ae, kisha tuitazame kwa hadubini ya kawaida, ya aina ile ambayo imefungiwa kabatini katika shule nyingi za sekondari na kutolewa siku ya mgeni rasmi. Kwanza tutaona ngozi ya jani, ambayo seli zake ni za pembe nyingi na kuta zilizonyooka, na baadhi yake zimejaa ute. Kati ya seli hizo zimetawanyika stomata, yaani vile vitundu ambavyo jani hupumulia, kila kimoja kikiwa na seli mbili zinazokilinda mfano wa midomo miwili, na ubavuni mwa midomo hiyo zimelala seli nyingine mbili sambamba na uwazi wake; mpangilio huu si wa kila mmea, na peke yake unatosha kuitoa katika shauri mimea mingi sana. Tutaona vinyweleo vya seli moja moja, vyenye umbo la pia, kuta nene zilizojaa vijichunusi, na aghalabu vimepinda karibu na shina lake na kulala juu ya jani. Tukibahatika kupata kipande kilichosimama kwa ubavu, tutaona kwamba zile seli ndefu za kijani zilizojipanga wima, ambazo katika majani mengi huwa upande wa juu tu, katika sanamaki ziko juu na chini, jambo la kawaida kwa mimea ya nchi za jua kali. Na kandokando ya nyuzi za mshipa mkuu tutaona safu ya fuwele za kalsiamu oksaleti, moja katika kila seli, zenye pembe kali na zinazometa.

Mwenye kuzijua alama hizi huwafichua wale wadanganyifu mmoja baada ya mwingine. Vinyweleo vya Solenostemma arghel si vya seli moja, ni vya seli mbili au tatu zilizopandana. Ngozi ya chini ya jani la Senna italica ina vijivimbe ambavyo sanamaki haina. Na unga wa Senna auriculata, ukitiwa asidi ya salfuriki yenye nguvu ya asilimia 80, hugeuka mwekundu wa damu. Kazi yote hiyo haizidi muda wa mtu kunywa kahawa vikombe viwili, na gharama yake ni tone la dawa na kioo.

Ama ugumu huanza pale tunapotaka kutenganisha ndugu wa karibu mno, kama sanamaki ya Iskandaria na ya Tinnevelly, ambazo alama zao zote nilizozitaja ni zilezile. Hapo kuona hakutoshi, lazima kuhesabu. Wazo la mwanzo lililowajia wataalamu lilikuwa kuhesabu stomata katika kila milimita moja ya mraba, na wazo hilo likawavunja moyo, kwa sababu jani la kivulini na jani la juani, jani la mwaka wa mvua na la mwaka wa ukame, hata yakiwa ya mti mmoja, hutofautiana sana. Seli za ngozi zikinenepa, stomata huachana, zikikonda hukaribiana. Mwaka 1927 Mwingereza E. J. Salisbury alitoa rai nyepesi iliyotengeneza mambo: kwamba tusiulize stomata ni ngapi katika eneo fulani, tuulize katika kila seli 100 za ngozi, tukizihesabu na stomata zenyewe, ni ngapi zilizogeuka kuwa stomata. Uwiano huo hauyumbi sana kwa kunenepa au kukonda kwa seli, kwa sababu vyote viwili hunenepa na kukonda pamoja. Kwa kipimo hiki sanamaki ya Iskandaria hupata kati ya 10 na 15, wastani wake ukiwa karibu na 12.5, na ya Tinnevelly hupata kati ya 14 na 20, wastani wake ukiwa karibu na 17.5.

Msomaji makini atakuwa amekwisha kuona kwamba safu mbili hizo zinagusana, na kwamba jani likitoa 14 haliwezi kuhukumiwa kwa kipimo hicho pekee. Ndiyo maana hutafutwa mashahidi wengine. Mishipa midogo ya jani, inapokutana, hufanya viwanja vidogo vilivyozungushiwa pande zote, na viwanja hivyo vikihesabiwa katika milimita moja ya mraba, sanamaki ya Iskandaria hutoa kati ya 25 na 29.5, na ya Tinnevelly kati ya 19.5 na 22.5, hapa hazigusani kabisa, ingawa hesabu hii hudai kipande cha jani chenye upana wa kutosha na haiwezekani katika unga laini. Vinyweleo navyo ni vingi zaidi katika ile ya Iskandaria, ambapo kati ya kimoja na kingine hukaa kiasi cha seli tatu za ngozi, na katika ile ya Uhindi kiasi cha seli sita. Kipo pia kipimo kilichotolewa na Zörnig na Weiss mwaka 1925, cha kuhesabu ni seli ngapi za zile ndefu zilizo wima zinazokaa chini ya seli moja ya ngozi, nacho kina fadhila ya kuwezekana hata katika unga, maana hakihitaji ila kijipande kidogo cha jani. Shahidi mmoja anaweza kusita au kukosea. Lakini wanapokubaliana watatu wasiojuana, kadhi hutoa hukumu kwa moyo mtulivu.

Na hapa inafaa nizungumzie pingamizi ambalo mwanabotania wa leo hatakosa kulileta, nalo ni la haki. Atasema kwamba hizo sanamaki mbili, ambazo watu walizihesabia stomata na viwanja vya mishipa kwa bidii kubwa namna hiyo, leo wataalamu wengi wanazihesabu kuwa ni spishi moja tu, Senna alexandrina. Basi anatomia ilitenganisha nini, ikiwa kilichotenganishwa kilikuwa kitu kimoja? Jawabu langu ni kwamba anatomia haikudanganya hata kidogo. Ilisema kwamba majani haya na majani yale yana tofauti za kudumu zinazoweza kupimika, na jambo hilo ni kweli hadi leo. Kwamba tofauti kiasi gani inatosha kuitwa spishi ni uamuzi wa mwanadamu, unaoangalia maua, matunda, mbegu, nchi ya asili, na kama mimea hiyo huzaana au haizaani. Ni ada ya watu wa mjini kudai kwamba chombo kimoja kimalize kesi nzima, na kisipomaliza hukitupa. Mfanyabiashara anayetaka kujua kama shehena aliyouziwa kuwa ni ya Sudani imetoka Uhindi hajali ni spishi moja au mbili, naye hupata haki yake kwa hadubini kama alivyoipata babu yake.

Elimu hii ina nasaba ndefu. Katika karne ya 17 Marcello Malpighi wa Italia na Nehemiah Grew wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, waliipasua mimea na kuichora kama inavyoonekana ndani, na kitabu kikubwa cha Grew kilitoka mwaka 1682. Walakini ulipita muda wa miaka 200 kabla ya watu kuufanya mpasuo huo kuwa hoja katika kuamua udugu wa mimea. Aliyeutetea kwa nguvu ni Ludwig Radlkofer wa Munich, ambaye mwaka 1883 alitangaza kwamba mimea haiwezi kupangwa sawasawa kwa maua na matunda peke yake, na kwamba kipande cha jani au cha ubao kisicho na ua wala tunda kinaweza kutaja jamaa zake kikiulizwa vizuri. Akafuatiwa na Hans Solereder mwaka 1899, kisha na Metcalfe na Chalk, ambao kitabu chao cha juzuu mbili juu ya anatomia ya mimea ya dikotiledoni kilitoka mwaka 1950, nacho Metcalfe alikitungia katika Maabara ya Jodrell huko Kew, maabara iliyofunguliwa mwaka 1876. Mwaka huohuo wa 1950 hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ambayo msingi wake uliwekwa Amani katika milima ya Usambara baada ya Wajerumani kufungua taasisi yao huko mwaka 1902, ilihamishiwa Nairobi na kuwa Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki. Hazina hiyo ipo mpaka leo, na maelfu ya majani yaliyomo, yaliyobandikwa karatasini na kuandikwa mahali na tarehe, ni mizani ambayo kila jani la sokoni lingeweza kupimwa kwayo, laiti wangekuwepo watu wa kutosha wa kuipima.

Sanamaki haiko peke yake katika jambo hili. Mnanaha, ambao wazee wetu wamewaonya watoto nao tangu zamani, una jamaa wawili mashuhuri wa Ulaya, Atropa belladonna na Hyoscyamus niger, na mimea yote mitatu hubeba sumu za aina moja ambazo madaktari huzitumia kwa kipimo cha uangalifu. Ikisagwa, mkemia atakayetafuta sumu hiyo ataikuta katika yote mitatu wala hatajua ni upi. Lakini tazama fuwele zake: katika Atropa zimevunjika vunjika kuwa mchanga unaojaza seli nzima, katika mnanaha, Datura stramonium, zimeshikamana kuwa mafungu yenye miiba, na katika Hyoscyamus husimama moja moja zikiwa na pande zilizonyooka. Jambo ambalo kemia ilikuwa haijalifumbua, fuwele imelisema kwa mtazamo mmoja. Kadhalika majani ya chai tunayoyachemsha kila asubuhi yana ndani yake seli ngumu zenye matawi, zilizotawanyika katikati ya tishu laini, na wakaguzi wamezitumia kugundua chai iliyozidishwa uzito kwa majani yasiyo ya chai.

Sikusudii kuipamba elimu hii kwa sifa isizokuwa nazo. Dawa ikichemshwa ikachujwa, au ikigeuzwa kuwa mafuta au maji ya kunywa, seli zote hubaki katika makapi, na hadubini hunyamaza kimya. Jani changa halifanani na jani pevu, na ncha ya jani haifanani na katikati yake, hata yule asiyechunga mahali anapohesabia atapata hesabu za kumchekesha. Fauka ya hayo, wapo ndugu ambao majani yao kwa ndani yamefanana hadi hapana hesabu itakayowatenga, na hapo hapana budi kukimbilia uchunguzi wa DNA, ambao ni neema kubwa ya zama zetu na mimi siupingi. Ninachokipinga ni ile fikra ya kuuanza uchunguzi huo na kuuacha ule wa hadubini. Uchunguzi wa DNA hutaka mashine, kemikali za kuagizwa, umeme usiokatika na kumbukumbu za kulinganishia ambazo kwa mimea mingi ya Afrika bado ni pungufu. Na unga uliokaangwa juani, ukasagwa kwa joto na kukaa ghalani, DNA yake huwa imekatika vipande. Ukuta wa seli hauna udhaifu huo. Vinyweleo vya sanamaki na fuwele zake huvumilia jua, kinu na miaka, na kwa sababu hiyo vitabu vya kanuni za dawa vya Ulaya mpaka leo vinaanza utambuzi wa sanamaki ya unga kwa hadubini, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1998 juu ya njia za kupima ubora wa dawa za mimea, liliweka uchunguzi wa hadubini miongoni mwa njia za msingi, likijua fika kwamba nchi nyingi zitakazousoma ni maskini.

Hali yetu ikoje? Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lililoundwa kwayo. Ina Taasisi ya Tiba Asili iliyoanza Muhimbili kuwa kitengo mwaka 1974. Ina Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ina Mkemia Mkuu wa Serikali. Vyombo havikukosekana. Lakini nenda katika soko lolote kubwa utazame unga wa mlonge, unga wa mwarobaini, unga wa sanamaki na unga wa mchanganyiko wa majani saba usiotaja hata moja, kisha ujiulize ni pakiti ngapi kati ya hizo zilizopata kuwekwa chini ya kioo kabla ya kuwekwa mezani. Mwarobaini, Azadirachta indica, una ndugu yake wa karibu, Melia azedarach, upandwao sana katika nchi za Afrika Mashariki, ambao matunda yake yana sumu. Jani la mwarobaini lina safu moja ya vijani pande mbili za uti wake, na jani la Melia hutoa matawi kwanza ndipo likatoa vijani, hata mtoto akioneshwa mara moja hakosei tena. Tofauti hiyo hupotea siku ya kusagwa, na wateja wetu hununua baada ya siku hiyo.

Rai yangu kwa Baraza na kwa Mamlaka ni kwamba asisajiliwe mtu kuuza unga wa mmea wowote mpaka awe ameweka amana tawi la mmea huo lililokaushwa, lenye majani mazima, na ikiwezekana ua au tunda, katika hifadhi inayotambulika, ili siku ya ugomvi pawepo na cha kulinganishia. Na kwamba kitungwe, kwa Kiswahili na kwa michoro iliyo safi, kitabu kimoja cha mimea inayouzwa zaidi katika masoko yetu ikiwa imesagwa, kila mmea na vinyweleo vyake, stomata zake na fuwele zake. Kitabu cha namna hiyo hakihitaji msaada wa mfadhili. Chahitaji wahadhiri wachache, mchoraji, na wembe mkali. Wengine watasema kazi hii haina heshima, kwamba haitoi makala za kuchapishwa katika majarida makubwa ya ng'ambo wala haimpandishi mtu cheo, na nakiri kwamba kwa jinsi vyuo vinavyowapima wahadhiri wao, maneno hayo yana ukweli. Lakini basi kasoro ni ya kipimo hicho cha vyeo, na wenye mamlaka ya kukirekebisha wako hapahapa nchini.

Shule nazo zisisahaulike. Kwa miaka mingi mwanafunzi wetu wa biolojia ameoneshwa ngozi ya kitunguu, akaichora, akaisahau, kwa sababu hakuna anayemuuliza kitunguu ni kitunguu au la. Mpe jani la mwingajini na jani la mjohoro, umwambie ni ndugu, umtake aeleze kwa hadubini na kalamu ya risasi nini kinachowatenga, na usimpe jibu. Somo hilo halina gharama zaidi ya lile la kitunguu, na majani yenyewe yako nje ya dirisha.

Nanyi wauza dawa, ambao wengi wenu ni watu wa amana na mmerithi kazi hii kwa wazee waliokuwa na ujuzi mkubwa wa majani, rejesheni desturi ya kuuza sanamaki ikiwa majani mazima, na atakaye unga asagiwe mbele ya macho yake. Na wewe msomaji, mpaka hayo yatakapotimia, ukihitaji sanamaki usinunue unga uliofungwa tayari. Nunua majani, yatazame kama ni membamba yaliyochongoka na kitako kisicholingana, uyasage mwenyewe nyumbani, na usiyatumie mfululizo zaidi ya wiki moja bila ya kumuuliza daktari, kwa kuwa utumbo uliozoeshwa sanamaki husahau kufanya kazi yake.